Je, Wajua? Mzizi wa Mtama Huua, na Humwita Muuaji Wake

Je, wajua kwamba mzizi wa mtama hutoa jasho la rangi ya dhahabu? Otesha punje chache juu ya karatasi yenye unyevu, uzifiche gizani, kisha baada ya siku kadhaa uitazame mizizi kwa kioo cha kukuzia. Kwenye ncha za vinyweleo vyake utaona vitone vya manjano, vinavyonata na visivyochanganyika na maji. Sehemu kubwa ya kitone ni kemikali iitwayo sorgoleoni. Kwa mche mchanga wa gugu ulioota jirani, hiyo ni sumu.

Je, wajua kwamba mtama umelimwa Afrika kwa zaidi ya miaka 5,000, lakini vitone hivyo vilielezwa kwa kina kitaalamu mwaka 1986 tu? Waliovieleza ni David Netzly na Larry Butler wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Lishike jina la Butler, maana huko mbele litatufikisha hadi Kilosa.

Je, wajua sumu hiyo inavyofanya kazi? Mmea hujipikia chakula kwa mwanga wa jua, na katika upishi huo elektroni hupokezwa kutoka molekuli moja hadi nyingine. Sorgoleoni hujipachika palepale pa kupokezania. Mche wa gugu unapochomoza huigusa kwenye udongo, ikaingia kwenye majani ya kwanza, na upishi ukasimama. Utaona mche umepauka na kudumaa.

Je, wajua kwamba sumu hiyo haipandi juu? Gugu lililokwisha kushika mizizi halipeleki sorgoleoni kwenye majani yake, kwa hiyo huendelea na maisha. Anayesubiri mtama umpalilie shamba zima atasubiri sana. Jembe bado lina kazi. Wanaoumia ni miche ya mbegu ndogondogo, mchicha pori ukiwamo. Na hapo mama wa Kigogo ana haki ya kuguna, kwa kuwa baadhi ya tunayoyaita magugu ndiyo mboga yake: mlenda na mchicha pori huchumwa humohumo shambani, hukaushwa juani na kuliwa na ugali wa uwele mpaka kiangazi kiishe.

Je, wajua kwamba mtama ulioteshwa ndani ya maji hautoi vitone? Bila vinyweleo hakuna sorgoleoni, na mzizi unaoelea majini hauoti vinyweleo. Unyevu wa kadiri ndio unaoupendeza. Kwa Dodoma, inayopata kati ya milimita 500 na 700 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, hii si habari mbaya hata kidogo.

Je, wajua kwamba Theofrasto, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika yapata miaka 2,300 iliyopita kuwa dengu huchosha ardhi na kuyaangamiza magugu? Jina la kitaalamu la jambo hilo, alelopathia, lilikuja baadaye sana: lilitungwa na mtaalamu wa mimea wa Austria, Hans Molisch, mwaka 1937.

Je, wajua kwamba mtama una sumu ya pili, na hii wafugaji wa Uwanda wa Kati huiogopa kuliko ya kwanza? Inaitwa dhurini. Imejaa kwenye majani machanga, na jani likitafunwa au kupondwa huachia sianidi. Hatari huwa kubwa pale mtama mchanga unaponyauka kwa ukame, au shina lililokatwa linapotoa machipukizi mabichi baada ya mvua kurudi. Ng'ombe mwenye njaa akiingia humo anaweza kufa muda mfupi tu baada ya kula. Majani ya mtama uliokomaa, yaliyokaushwa vizuri, hayana hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana mabua huachiwa mifugo baada ya mavuno. Upande wa mimea, dhurini inapovunjika udongoni huacha kemikali nyingine zinazozuia mbegu za jirani kuota. Ulinzi mmoja, maadui wawili: mwenye meno na mwenye mizizi.

Je, wajua kwamba mzizi huohuo unaoua majirani humwita muuaji wake? Hapa ndipo penye kisa chenyewe, na mkulima wa Dodoma au Singida anakijua kwa jina la kiduha. Ni mmea mdogo, mzuri wa macho, ambao maua yake kwa huku katikati ya nchi mara nyingi ni mekundu. Kanda ya Ziwa wana ndugu yake mrefu zaidi, mwenye maua ya zambarau. Kiduha hakijitegemei. Hujichomeka kwenye mzizi wa mtama, mahindi au nafaka nyingine, kikanyonya maji na chakula. Kwa majuma kadhaa hukaa chini ya ardhi bila kuonekana, na kinapochomoza juu madhara makubwa yamekwisha kufanyika. Mtama huonekana umenyauka hata udongo ukiwa na maji. Si ajabu watu wengi barani wamekihusisha na uchawi.

Je, wajua kwamba mbegu ya kiduha ina urefu usiozidi theluthi moja ya milimita? Mmea mmoja unaweza kumwaga makumi ya maelfu ya mbegu, hata kupita 100,000, nazo hukaa udongoni zikiwa hai kwa miaka 10 na zaidi. Haziamshwi na mvua peke yake. Mvua huzilainisha kwa wiki moja au mbili, kisha husubiri. Zinasubiri harufu, tuseme, ya mzizi wa nafaka ulio umbali wa milimita chache. Mbegu ndogo kiasi hicho haina akiba ya kutosha ya chakula, na ikiota mahali pasipo na mzizi wa kunyonya hufa ndani ya siku chache. Shika jambo hili, kwa sababu karibu kila mbinu inayofuata imejengwa juu yake.

Je, wajua kwamba kemikali ya kwanza ya kuamsha kiduha ilipatikana kwenye mmea ambao kiduha hakiwezi hata kuushambulia? Ni pamba. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani walitangaza kuitenga kutoka kwenye majimaji ya mizizi ya pamba na kuiita strigoli. Familia nzima ya kemikali za aina hiyo sasa huitwa strigolaktoni, na mtama una za kwake. Netzly na Butler, pamoja na wenzao, walidhani kwanza kwamba vitone vya manjano ndivyo vinavyoita kiduha. Vinaweza kukiamsha kikiwa karibu mno, lakini lawama kubwa imehamia kwa strigolaktoni.

Je, wajua ni kwa nini mmea wenye akili timamu utoe ishara inayomwita mwizi? Swali hili lilikaa bila jibu kwa karibu miaka 40. Jibu lilitoka Japani mwaka 2005: ishara haikuwa ya mwizi. Ilikuwa ya kuvu wema wanaoishi kwenye mizizi na kuuletea mmea fosforasi kutoka mahali ambapo mizizi yenyewe haifiki. Kiduha kimejifunza kusikiliza mazungumzo yasiyokihusu. Mwaka 2008 ikagundulika tena kwamba strigolaktoni ni homoni ndani ya mmea wenyewe, inayodhibiti idadi ya matawi. Kwa hiyo mtama hauwezi kunyamaza tu. Unazihitaji kemikali hizo.

Je, wajua kwamba mmea wenye njaa huita kwa sauti kubwa zaidi? Udongo ukikosa fosforasi, mizizi huongeza strigolaktoni ili kuvu waje haraka, na kiduha kikasikia vizuri zaidi. Ndiyo maana wakulima husema kiduha ni ugonjwa wa shamba lililochoka, na wana haki. Samadi huirudishia ardhi nguvu. Na miamba ya fosfeti tunayo hapa jirani, Minjingu mkoani Manyara. Kwa maoni yangu, samadi iliyolundikana kwenye mazizi ya Ugogoni wakati shamba la mtama mita chache kutoka hapo limejaa kiduha ni jambo linalostahili mjadala mrefu kuliko safu hii.

Je, wajua kwamba Tanzania ina mbegu za mtama zilizochaguliwa kwa sababu mizizi yake huita kidogo? Hapa anarudi Butler. Huko Purdue alishirikiana na Gebisa Ejeta, mtafiti aliyezaliwa Ethiopia mwaka 1950. Walitumia kipimo rahisi cha maabara: mche wa mtama huoteshwa pembeni ya sahani yenye jeli iliyonyunyiziwa mbegu za kiduha, kisha hupimwa ni umbali gani kutoka kwenye mzizi mbegu zimeota. Mtama ambao kiduha hakiamki hata kikiwa karibu nao ndio uliochukuliwa. Mbili kati ya mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilijaribiwa nchini na watafiti wa kituo cha Ilonga, Kilosa, Dk. A. M. Mbwaga akiwa miongoni mwao, na mwaka 2002 zikaidhinishwa kwa majina ya Hakika na Wahi. Ejeta alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009.

Je, wajua kwamba siri ya mtama wa namna hiyo ilifichuliwa mwaka 2017, na haikuwa ukimya? Mtama wenye sifa hiyo una kasoro kwenye jeni moja, na kwa sababu hiyo hubadilisha aina ya strigolaktoni unayoitoa. Ile inayokiamsha kiduha kwa nguvu hupungua, na nyingine isiyokiamsha sana huchukua nafasi yake. Kuvu bado wanaitwa, ila kwa lugha ambayo mwizi haielewi vizuri.

Je, wajua kwamba Wamarekani walikipiga kiduha kwa gesi? Kilionekana kwenye majimbo ya Carolina mwaka 1956, na serikali ikaanzisha kampeni ya kukifuta. Walidunga ethileni udongoni, gesi ileile inayoivisha ndizi. Mbegu za kiduha zilidhani mzizi umefika, zikaota, hazikukuta kitu, zikafa. Pamoja na karantini na viuagugu, eneo lililovamiwa lilipunguzwa kwa zaidi ya asilimia 90. Ni kampeni ya gharama kubwa ambayo hakuna halmashauri ya Uwanda wa Kati ingeweza kuilipia.

Je, wajua kwamba karanga hufanya kazi hiyohiyo bure? Mizizi yake hutoa kemikali zinazokiamsha kiduha, lakini kiduha hakiwezi kuishi juu ya karanga. Wataalamu huita mmea wa namna hii mtego. Na ukisema karanga mbele ya mtu wa Kongwa unagusa kidonda cha zamani: Waingereza walianzisha pale mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakakwamishwa na visiki, udongo mgumu na mvua zisizotabirika, na mwaka 1951 ukafungwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Karanga kama biashara ya matrekta ilishindwa. Karanga kama zamu ya mwaka mmoja kati ya misimu ya mtama, kwenye ekari mbili za mkulima mdogo, ni jambo jingine kabisa, nami naliamini zaidi.

Je, wajua kwamba kunde nayo ni mtego, ila ina muuaji wake? Huku Dodoma na Singida kunde na njugu mawe hushambuliwa na gugu jingine la kunyonya, lenye maua ya manjano, liitwalo kitaalamu Alectra vogelii. Nalo huamshwa na mizizi. Anayepanda kunde kufuta kiduha huku shamba lake lina Alectra amehamisha tatizo kutoka tuta moja hadi jingine. Kagua kwanza.

Je, wajua kwamba kwenye kingo za Ziwa Viktoria, huko Mbita nchini Kenya, watafiti wa kituo cha icipe walitegua kiduha bila kukusudia? Walipanda desmodiamu, mmea jamii ya mikunde, katikati ya mahindi ili kufukuza vipekecha shina. Zeyaur Khan na wenzake wakaona kwamba vipekecha vimepungua, na kiduha nacho kimepotea. Uchunguzi ulionyesha kuwa mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zaidi ya moja: moja huamsha mbegu ya kiduha, nyingine huzuia kijizizi chake kisiufikie mzizi wa mahindi. Huamshwa na kuuawa kwa mkono mmoja. Mbinu hiyo imesambaa Afrika Mashariki. Kwa Dodoma kikwazo ni kiangazi cha miezi saba: desmodiamu inatakiwa idumu shambani mwaka hadi mwaka, na kama haikauki kwa jua, italiwa na mbuzi wanaoachiwa mashamba baada ya mavuno.

Je, wajua kwamba alizeti, zao la fedha la Singida na Dodoma, nalo lina kemikali za kuzuia magugu? Zimechunguzwa sana Hispania, katika Chuo Kikuu cha Cádiz, na baadhi zimepewa jina la heliannuoli. Nyingi hutoka kwenye majani na mabaki, si mizizi pekee.

Je, wajua kwamba Wapakistani huloweka mabua ya mtama? Watafiti wa Faisalabad waliyakatakata, wakayaloweka kwa siku nzima, wakachuja na kunyunyizia maji yake kwenye ngano. Magugu yalipungua uzito kwa kati ya theluthi na nusu. Si dawa ya kumaliza kazi, lakini pia haihitaji duka la pembejeo. Tatizo la kwetu ni kwamba mabua yana wateja wengine: ng'ombe, jiko na uzio.

Je, wajua kwamba mtama unaweza kuuharibia mtama wa mwaka ujao? Nchini Senegali ilibainika kuwa kwenye udongo wa kichanga, mabaki ya mtama yalidumaza zao lililofuata, wakati kwenye udongo wenye mfinyanzi unaovimba hayakuleta shida. Mfinyanzi hunasa kemikali na vijidudu huzivunja. Mchanga huziachia mizizi. Mwenye shamba la kichanga na mwenye shamba la mbugani wasidhani ushauri mmoja utawafaa wote.

Je, wajua kwamba si kila ardhi tupu chini ya mmea ni kazi ya sumu? Mwaka 1964 mtaalamu wa California, C. H. Muller, alieleza kuwa vichaka fulani vyenye harufu kali vilizungukwa na pete ya ardhi tupu kwa sababu ya mvuke wao wenye sumu. Picha yake ilipendeza, ikapamba jalada la jarida la Science. Mwaka 1970 mtafiti mwingine, Bruce Bartholomew, akaweka vizimba vya waya kwenye pete hizo, na majani yakaota ndani ya vizimba. Panya na wanyama wengine wadogo waliojificha vichakani ndio waliokuwa wakila kila kitu kandokando. Mwaka 2010 makala nyingine mashuhuri ya Science, iliyodai mnamo 2003 kwamba gugu moja liliivamia Marekani kwa sumu ya mizizi, iliondolewa rasmi. Basi unapoona chini ya mkaratusi pale Dodoma mjini pamekauka, usikimbilie sumu. Majani yake yana mafuta yanayozuia mbegu, ni kweli, lakini mti huo pia hunywa maji sana, na katika nchi ya mvua haba kiu huua haraka kuliko kemikali.

Je, wajua kwamba mkaa husaidia kutoa hukumu? Mkaa uliotayarishwa maalumu na kusagwa, ukichanganywa na udongo, hunasa kemikali nyingi za mizizi bila kugusa maji wala kivuli. Mimea jirani ikinawiri palipo na mkaa na kudumaa pasipo na mkaa, sumu inashukiwa. Ikidumaa pande zote, tafuta sababu nyingine.

Je, wajua kwamba kiuagugu kimoja maarufu cha mahindi kilianzia bustanini? Mwaka 1977 mfanyakazi wa kampuni ya kemikali huko California aligundua kwamba chini ya mti wa maua mekundu yanayofanana na brashi ya kuoshea chupa, ambao hata mijini kwetu hupandwa kama pambo, magugu yalikuwa machache. Kemikali iliyopatikana humo ilirekebishwa maabara, na mwaka 2001 ikaingia sokoni ikiwa mesotrioni.

Je, wajua kuhusu gugu karoti? Lilibainika Arusha mwaka 2010. Lina parthenini, sumu inayozuia mimea mingine, inayowasha ngozi na kudhuru mifugo. Mbegu zake husafiri kwenye matope ya magurudumu, na barabara ya lami kutoka Arusha kupitia Babati na Kondoa inafika hadi Dodoma. Ukiliona, ling'oe kabla halijachanua, na uvae glavu.

Je, wajua kwamba vitone vya manjano vina kazi nyingine ambayo mkulima anaweza kuithamini kuliko kuua magugu? Taasisi ya JIRCAS ya Japani imeonyesha kuwa sorgoleoni ni mojawapo ya kemikali za mtama zinazozuia bakteria wanaogeuza mbolea ya naitrojeni kuwa nitrati, ambayo huoshwa na mvua kirahisi. Mbolea inakaa kwenye mizizi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kuna wanaotafuta mtama wenye sorgoleoni nyingi, huku wanaopambana na kiduha wakitafuta mtama wenye strigolaktoni za aina isiyokiamsha. Kemikali hizo mbili hutengenezwa kwa njia tofauti ndani ya mzizi, na kikemia hakuna kinachozuia mbegu moja kuwa na sifa zote mbili.